Maabara Mbili, Gunia Moja: Uchague Hesabu Gani Majibu ya "Imepita" na "Imekataliwa" Yasipolingana

Mwenye lori alisimama mlangoni pa maabara yetu ya kiwanda cha unga, Eneo la Viwandani, karatasi mbili mkononi. Moja ilitoka kwetu, nyingine kwa maabara ya kulipia. "Madam," aliniambia, "mahindi ni yale yale, nimeyapakia Kitale nikiyaona. Mbona huko yamepita na hapa mnayarudisha?" Nikamwomba aketi, akaletewa chai, nami nikafungua daftari la sampuli tulizokuwa tumezipima sisi na kuzipeleka pia kwa maabara ile nyingine. Nilitaka kumwonyesha kwamba tofauti kama yake hutokea kwa nadra. Nilipomaliza nilikuwa na hesabu tatu. Ya kwanza ilisema tunaelewana vizuri, ya pili ikasema tunaelewana nusunusu, ya tatu ikasema maabara moja ni kali kuliko mwenzake.

Hakuna iliyokosea. Kila hesabu ilijibu swali lake, na mimi ndiye niliyekuwa sijaamua swali langu ni lipi. Nawaandikia wenzangu wa maabara za nafaka, maji, maziwa na nyama hapa Nairobi, ambao mezani pao majibu huja kwa maneno, "imepita", "imekataliwa", "wamo", "hawamo", "gredi ya 2", na wanatakiwa kueleza kama maabara mbili au zaidi zinaona kitu kimoja.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuchagua

La kwanza linashinda mengine yote: je, maabara zilipima sampuli zilezile, au kila moja ilipima zake? Jibu hili peke yake huondoa nusu ya njia zilizopo. Na "zilezile" isemwe kwa uangalifu. Aflatoksini, sumu ya ukungu, haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache huweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Ukichota kilo moja huku na kilo nyingine kule, ukazituma kwa maabara mbili, umelinganisha uchotaji wako wala si maabara. Sampuli yote isagwe kwanza, ichanganywe vizuri, ndipo igawanywe. Nimeona watu wakigombana wiki nzima juu ya takwimu ilhali kosa lilikuwa kwenye ndoo ya kuchotea.

La pili ni swali lenyewe. Unaweza kutaka kujua kama maabara zinakubaliana. Unaweza kutaka kujua kama moja ina mkono mzito, yaani inakataa zaidi ya nyingine. Au unataka kujua ni ipi inayosema kweli. Haya ni maswali matatu, na hakuna hesabu moja inayoyajibu yote.

Kisha hesabu makundi yako: ni mawili, au ni zaidi, na je, yana mpangilio wa juu na chini? Hesabu maabara: ni mbili au saba? Mwisho angalia kundi lililo dogo lina sampuli ngapi. Msimu mzuri, lori zinazokataliwa huwa chache sana, na uchache huo huvuruga hesabu kwa namna nitakayoionyesha.

Nimetunga mfano mmoja ili njia zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Sampuli 100 za mahindi, zimesagwa na kugawanywa, zimepimwa na Maabara A na Maabara B. Kikomo ni kile cha Kenya: mikrogramu 10 za aflatoksini yote kwa kilo.

| | B: imepita | B: imekataliwa |
|---|---|---|
| A: imepita | 78 | 10 |
| A: imekataliwa | 2 | 10 |

Jedwali hili liandike kila mara, hata kama baadaye utatumia programu kubwa namna gani.

Asilimia ya makubaliano

Swali lake ni jepesi: kati ya sampuli zote, ni ngapi maabara mbili zilitoa jibu moja? Hapa ni 78 na 10, yaani 88 kati ya 100. Inataka sampuli zilezile, basi. Mkurugenzi ataielewa, na mwenye lori ataielewa.

Udhaifu wake ni kwamba kundi kubwa hulifunika kundi dogo. Zile 78 zilizopita pande zote zinaibeba asilimia hiyo karibu yote. Kwa hiyo mimi huigawa mara mbili. Makubaliano kuhusu zilizopita: zidisha 78 kwa 2, ugawe kwa jumla ya "imepita" zote za A na B, yaani 156 kwa 168, unapata asilimia 93. Kuhusu zilizokataliwa: 20 kwa 32, asilimia 62.5. Hapo picha inabadilika. Maabara zinapatana juu ya mahindi safi na zinayumba juu ya mahindi mabaya, na mahindi mabaya ndiyo sababu ya maabara kuwepo. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yenye aflatoksini yaliwagonjwesha watu 317, na 125 kati yao walifariki. Asilimia 88 isiyogawanywa inaweza kuficha jambo la uzito huo.

Njia hii inamfaa anayetoa ripoti kwa watu wasio wanatakwimu, na anayetaka kuanza leo kwa kalamu na karatasi.

Kapa ya Cohen na jamaa zake

Jacob Cohen aliitoa kapa, kipimo cha makubaliano, mwaka 1960. Inauliza: makubaliano yetu yanapita kiasi gani yale ambayo yangetokea kwa kubahatisha tu? Maabara A inapitisha 88 kati ya 100, B inapitisha 80. Kama kila moja ingekuwa inagawa majibu yake kwa idadi hiyohiyo bila kuyatazama mahindi, bado zingekutana kwa wastani mara 72.8 kati ya 100. Basi nafasi iliyobaki ya kuonyesha kazi ni 27.2, na maabara zetu zimepata 15.2 ndani yake. Gawa: 0.56.

Inahitaji sampuli zilezile na makundi yaliyo wazi. Yakiwa na mpangilio, kama gredi 1, 2 na 3 za mahindi katika viwango vya Afrika Mashariki, kuna kapa yenye uzani, ambayo Cohen mwenyewe aliiongeza mwaka 1968: kutofautiana kwa 1 na 2 kunahesabiwa kosa dogo, kwa 1 na 3 kosa kubwa. Lakini uzani huo uuchague kabla ya kuona majibu na uuandike kwenye ripoti, kwa kuwa ukiubadilisha, jibu nalo linabadilika. Maabara zikiwa tatu na kuendelea, iko ya Joseph Fleiss ya mwaka 1971.

Inapochechemea ni pale kundi moja linapokuwa dogo mno. Chukua msimu mzuri: 94 zimepita pande zote, 1 imekataliwa pande zote, 3 zimekataliwa na B pekee, 2 na A pekee. Makubaliano ni asilimia 95, ila kapa inashuka hadi 0.26! Mtu asiyejua atadhani maabara zimeharibika. Kwa hakika kubahatisha peke yake kungefikisha 93.24, kwa hiyo hakukubaki nafasi ya kujionyesha. Feinstein na Cicchetti walilieleza fumbo hili mwaka 1990. Kilem Gwet naye akapendekeza kipimo kiitwacho AC1, ambacho hukadiria kubahatisha kwa njia nyingine. Kwa msimu huo mzuri kinatoa 0.95, na kwa jedwali letu la kwanza 0.84.

Je, tuhamie AC1 moja kwa moja? Mimi nasita. Katika msimu ule mzuri, makubaliano juu ya zilizokataliwa ni 2 kwa 7, asilimia 29 tu. Kapa ya 0.26 ilikuwa inanong'ona jambo la kweli, kwamba hatuna ushahidi wa kutosha kuwa maabara hizi zinaweza kutenganisha baya na zuri. AC1 ya 0.95 ilisema nayo kweli yake: kwa lori la kawaida linaloingia, karatasi mbili zitafanana. Nikitoa kimoja bila kingine najiona nimemdanganya msomaji, kwa hiyo natoa vyote pamoja na jedwali.

Kuhusu vile vipande vya kuipa kapa majina, vya Landis na Koch vya mwaka 1977, ambavyo 0.41 hadi 0.60 huitwa makubaliano ya wastani na 0.61 hadi 0.80 makubaliano makubwa: waandishi wenyewe walikiri kwamba mipaka hiyo waliichora kwa hiari yao. Usimfukuze mtaalamu kazi kwa sababu ya 0.59.

Kapa inamfaa anayelinganisha maabara zenye mchanganyiko mzuri wa sampuli mbaya na nzuri, anayepima wakaguzi wawili wa gredi, na anayeandikia wasomaji wanaoitarajia.

Jaribio la McNemar

Hili, la Quinn McNemar, ni la mwaka 1947, na ndilo lililonifumbua macho siku ile. Swali lake: je, maabara moja inakataa zaidi ya nyingine? Linaziacha zile 88 walizokubaliana na kutazama mzozo tu. Sampuli 10 zilikataliwa na B huku A akizipitisha. 2 zilikuwa kinyume. Kama hakuna maabara yenye mkono mzito, mizozo hii 12 ingegawanyika kama sarafu inayorushwa mara 12. Uwezekano wa kupata mgawanyo wa 10 kwa 2, au ulioegemea zaidi, upande wowote, ni 0.039. Ni mdogo. B anaonekana kuwa mkali kuliko A.

Linahitaji sampuli zilezile, bila mjadala. Mizozo ikiwa michache, chini ya 25 kwa kawaida, tumia hesabu kamili ya sarafu badala ya fomula ya mkato ya kai mraba, ambayo hulinganisha idadi zilizopatikana na zilizotarajiwa. Maabara zikizidi mbili, William Cochran aliacha jaribio lake la Q mwaka 1950, lenye mantiki ileile.

Lakini tazama linachokosa. Kama mizozo ingekuwa 10 kwa 10, McNemar angesema hakuna tofauti, ilhali maabara zimegongana mara 20 kati ya 100. Usawa wa makosa si makubaliano. Tena halisemi nani yuko sahihi: huenda B ni mkali kupita kiasi, huenda A anaachia sumu ipite.

Linamfaa anayeshuku kifaa kimoja kimehama, anayebadilisha vifaa vya kupimia na kutaka kulinganisha vipya na vya zamani, au aliye na malalamiko ya wateja yanayoelekea upande mmoja.

Kai mraba na jaribio la Fisher

Swali linafanana na la McNemar, kiwango cha kukataa ni kimoja au la, isipokuwa hapa kila maabara imepima sampuli zake. Hii ndiyo hali ya rekodi za kila siku: maabara ya kwanza imepokea lori 300 mwaka huu, ya pili 240, hakuna lori lililopimwa na zote mbili. Karl Pearson alitoa kai mraba mwaka 1900; idadi inayotarajiwa katika kisanduku chochote ikiwa chini ya 5, wengi huenda kwa jaribio kamili la Ronald Fisher.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika ripoti ni kutumia kai mraba kwa sampuli zilezile. Fanya hivyo kwa jedwali letu: A 88 na 12, B 80 na 20, kana kwamba ni sampuli 200. Unapata kai mraba ya 2.38 na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi kama maabara zingekuwa sawa) ya 0.12, kisha unaandika kwamba hakuna tofauti ya maana. Data ni ile ile ambayo McNemar aliionyesha tofauti yake. Umetupa habari ya nani alimkataa nani, na pamoja nayo umetupa jibu.

Hata ikitumika mahali pake, njia hii ina mtego. Tofauti inaweza kutoka kwa mahindi yenyewe. Maabara inayohudumia wafanyabiashara wa Nyamakima wanaonunua kutoka pande nyingi haipokei mahindi sawa na ya kiwanda chenye wakulima wake Trans Nzoia. Panga data kwa chanzo na msimu kwanza.

Inamfaa msimamizi anayefuatilia mwenendo wa maabara kadhaa kwa rekodi zilizopo, akitafuta pa kuanza kuuliza.

Sampuli zenye jibu linalojulikana

Hapa swali ni la ukweli. Unatuma sampuli zilizoandaliwa, ambazo hali yake inajulikana, na kila maabara inapimwa kwa mambo mawili: uwezo wa kunasa zilizo mbaya, na uwezo wa kuachilia zilizo safi. ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, inazitaka maabara zilinde uhalali wa majibu yao kwa njia zikiwemo kushiriki ulinganisho na maabara nyingine; waandaaji wa mizunguko hiyo wana ISO/IEC 17043, na takwimu zake zimeelezwa katika ISO 13528. Hapa kwetu wakaguzi wa KENAS, shirika la ithibati la Kenya, watakuuliza ushahidi wa ushiriki huo.

Gharama ni kubwa na sampuli huwa chache, na uchache una bei yake. Maabara ikinasa 19 kati ya 20, utafurahia asilimia 95, lakini kwa njia ya Wilson ya mwaka 1927 masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo uwezo wake wa kweli unakadiriwa kuwa, yanaanzia 76 na kuishia 99. Jambo jingine ni ugumu wa sampuli: zikiwa zote ama safi kabisa ama zenye mikrogramu 80, kila maabara itang'aa. Omba ziwepo zilizo jirani na kikomo, maana huko ndiko lori hugombaniwa.

Inamfaa anayeomba ithibati, na anayelazimika kuchagua maabara ya kuaminiwa. Iwapo hakuna jibu linalojulikana na huwezi kuligharamia, ipo mbinu ya makundi yaliyofichika, ambayo Hui na Walter waliiweka wazi mwaka 1980: inahitaji maabara mbili na jamii mbili za sampuli zenye viwango tofauti vya uchafu, na dhana kwamba maabara hazikosei kwa sababu moja. Maabara zikitumia kifaa kimoja cha kampuni moja, dhana hiyo ni dhaifu. Mtafute mwanatakwimu.

Usitupe namba uliyo nayo

Neno la pembeni, ila kwangu ni zito. Mashine ikikupa 9.8 na ya mwenzako 10.3, mmekaribiana sana, lakini karatasi zitasema "imepita" na "imekataliwa". Kama namba zipo, linganisha namba kwanza. Chora tofauti ya kila jozi dhidi ya wastani wake, kama Bland na Altman walivyoonyesha mwaka 1986. Njia zote nilizozieleza ni za majibu yaliyozaliwa yakiwa maneno, mathalani bakteria wa E. coli wamo au hawamo katika mililita 100 za maji, au pale ambapo neno ndilo linaloamua malipo.

Kwa hali yako

Kama sampuli ni zilezile na unataka kumweleza mkubwa wako mnavyoelewana, toa jedwali na asilimia mbili, ya zilizopita na ya zilizokataliwa. Ongeza kapa ikiwa zilizokataliwa si chache. Zikiwa chache, weka kapa na AC1 pamoja, na useme waziwazi ni sampuli ngapi mbaya ulizokuwa nazo. Afadhali zaidi, kusanya sampuli mbaya nyingine kabla ya kuandika.

Kama wateja wanalalamika kwamba maabara fulani inakataa sana, anza na McNemar kwa sampuli zilizogawanywa, kisha utumie sampuli za jibu linalojulikana ili kujua kama ukali huo ni kosa au ni umakini. Kama huna sampuli zilizogawanywa bali daftari za mwaka mzima, kai mraba au Fisher itakuambia kama inafaa kugharamia uchunguzi, wala isikuambie zaidi. Wakaguzi wa gredi wanaogongana wapimwe kwa kapa yenye uzani. Maabara tatu au saba za kampuni moja: Fleiss kwa makubaliano, Cochran kwa ukali.

Na ukiwa na lori moja uani, dereva amelala chini ya tela na mwenye mali yuko mlangoni na karatasi mbili, hakuna hata moja kati ya hesabu hizi itakayokufaa, kwa kuwa zote zinahitaji sampuli nyingi. Siku ile tulitoa sampuli ya akiba iliyokuwa imesagwa na kufungwa mbele yake, tukaipeleka kwa maabara ya tatu tuliyokubaliana naye kabla ya kujua jibu, tukaomba itupe namba, si neno tu. Ilirudi na 11.2. Mahindi yalikataliwa, naye aliondoka akijua kwa nini. Sisi tulibaki na jedwali la mizozo yetu, na Jumatatu iliyofuata tulianza kugawa sampuli 20 kila wiki na kuzituma pande zote mbili.